Zimeni mashine

Kwa manahodha, wenye boti na watembeza wageni wa Kizimkazi Dimbani na Kizimkazi Mkunguni, Kusini Unguja.

Wajomba zangu, kaka zangu, na nyinyi wadogo zangu mlioshika mkono wa mashine juzi juzi tu.

Wengi wenu mnanijua. Kwa misimu tisa nilipanda boti zenu nikiwa mkalimani, nikakaa kwenye ubao wa mbele na rundo la jaketi za kuokolea miguuni, nikiwapelekea wageni maneno yenu na nyinyi maneno yao. Nimekula kwenu, nimekopa kwenu, nimezika nanyi. Kwa hiyo msiisome barua hii kama ya mtu aliyeshuka kutoka mjini na karatasi mkononi. Ni ya mtu wa chomboni, na kosa nitakalolieleza nililishika upande wangu na mimi.

Ilikuwa Januari, kaskazi imelala, maji yametulia tuli kutoka ufukweni mpaka kwenye mkondo. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulipowafikia, pomboo walikuwa saba. Walikuwa wanakwenda pole pole, wote wanapanda pamoja, wote wanashuka pamoja, bila kuruka wala kucheza. Sasa naujua mwendo ule: walikuwa wamelala. Pomboo halali kama sisi. Kila pumzi huivuta kwa kukusudia, akizama usingizini kabisa atakufa maji. Basi nusu ya ubongo wake hupumzika na nusu hubaki macho kumpandisha juu. Mwendo ule wa pole pole ndio kitanda chao.

Siku ile hatukulijua hilo, au hatukutaka kulijua. Ikaja boti ya pili, ya tano, ya nane. Nilipohesabu mara ya mwisho tulikuwa kumi na moja. Kila nahodha alizunguka mbele yao akawakatia njia, na kila mkalimani, mimi mmojawao, akapiga kelele kwa lugha ya wageni wake: rukeni, rukeni sasa! Watu arobaini au hamsini wakajitupa majini na mapezi yao ya mpira mbele ya wanyama saba waliokuwa usingizini.

Kati ya wale saba alikuwepo mama na mtoto. Mama pezi lake la mgongoni lilikuwa limekatika ncha, kama ukingo wa sahani iliyomeguka. Mtoto alikuwa mchanga kweli. Ubavuni bado alikuwa na ile mistari myeupe inayobaki pale alipokuwa amejikunja tumboni. Mama alizama. Mtoto akazama naye, lakini mapafu ya mtoto ni madogo, akarudi juu kabla ya mama yake, akatokea peke yake katikati ya boti mbili, karibu nami kiasi kwamba niliisikia pumzi yake, fyuu, fupi, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Akaenda huku, akageuka kule. Kila upande ni ubavu wa boti na panga la mashine linazunguka. Nadhani haikufika dakika. Kisha mama akaibuka upande wa pili wa boti ya jirani, mtoto akamkimbilia, wakaondoka wote kuelekea maji meusi. Boti zikawafuata.

Ndani ya boti yetu alikuwemo bibi mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, ambaye hakuruka. Aliniuliza kwa utaratibu: hawa wanyama wanapenda tuwe hapa? Nahodha akataka kujua mgeni anasemaje. Nikamwambia anasema amefurahi. Ule uongo bado ninao kifuani, na ndio ulioniketisha kuandika.

Ndugu zangu, tumezoea kuambizana kwamba bahari ni kubwa na pomboo ni wengi, hawa wakiondoka watakuja wengine. Sivyo. Pomboo wa rasi yetu ni wenyeji kama sisi. Kila mmoja ana mikato na makovu yake kwenye pezi la mgongoni, na kwa mikato hiyo watafiti huwapiga picha na kuwatambua mmoja mmoja, kama sisi tunavyotambuana kwa sura. Walipohesabiwa kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wale wa kawaida, wenye mdomo kama shingo ya chupa, hawakufika 200. Wale wengine wenye nundu mgongoni, waoga, ambao wageni wenu hubahatika kuwaona mara moja moja, hawakufika hata 100. Wallahi, harusi moja ya Makunduchi hujaza watu wengi kuliko hao.

Na hawazai kama dagaa. Jike hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha miaka miwili, mitatu na hata zaidi, na hapati mwingine mpaka huyo amejitegemea. Mtoto mmoja akipotea, ukoo umepoteza miaka.

Watafiti walikaa kwenye maji haya haya wakaandika pomboo wanafanya nini boti zikiwepo na zisipokuwepo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007 na 2010. Boti zikiwepo walipumzika kidogo, walikula kidogo, walikaa pamoja kidogo. Muda wao mwingi uliishia kwenye kusafiri, na nyinyi mnajua kusafiri huko ni kukimbia nini. Majike nao walibadilisha mwenendo, wakizama ghafla na kugeuka geuka. Hakuna hata mmoja wenu atakayeshangaa kusikia haya. Mmeyaona kabla ya hao wenye vitabu.

Kuna jambo moja ambalo mimi sikulijua mpaka nilipoelezwa, nalo linahusu sauti. Majini sauti huenda kwa kasi inayopita mara nne ya ile ya hewani, na pomboo huishi kwa kusikia kuliko kwa kuona. Kila mmoja ana mlio wake mwenyewe, anaoujenga tangu utotoni, ambao wenzake humtambua kwa huo, mfano wa jina. Mama na mtoto wakiachana, huitana kwa milio hiyo. Sasa rudini kwenye ile asubuhi ya Januari. Mashine kumi na moja zinanguruma. Mtoto anaita, mama anaita, na katikati yao kuna kelele ambayo hata sisi tulio juu ya maji ilitubidi tupige ukelele ili tusikizane.

Hebu niwapeleke mbali kidogo. Huko Australia ya magharibi kuna mahali panaitwa Shark Bay, na ndani yake kuna rasi ya Peron. Pomboo wa huko ni jamii moja na hawa wetu wenye mdomo wa chupa, na watafiti wamewafuatilia kwa miongo mingi. Leseni ya kupeleka wageni kwa boti ilikuwa moja, zikawa mbili. Mbili tu. Watafiti walipopiga hesabu waliona pomboo kwenye eneo lile wamepungua kama mmoja katika kila saba, na mwaka 2006 wakayachapisha hayo. Serikali ya huko ikarudisha leseni kuwa moja. Kwenye Bay of Islands, New Zealand, walichelewa zaidi. Pomboo walikwisha kupungua sana ndipo mwaka 2019 ikapigwa marufuku kuogelea nao. Sisemi tufanye kama wao. Nasema wale wa Shark Bay walikuwa na boti chache kuliko zetu, na pomboo wao hawakustahimili.

Najua jibu la baadhi yenu: hawa pomboo, wazee wetu waliwaua, sisi tunawaangalia tu, kipi bora? Ni kweli. Mpaka miaka ya 1990 pomboo wa hapa walivuliwa. Nyama yao ilikuwa chambo cha papa, na nyingine ililiwa. Baba yangu aliwahi kunionyesha kwa mikono jinsi kipande kilivyokatwa ili mafuta yake yasambae majini papa asikie harufu. Hakuwa anajisifu, wala hakuwa anajuta. Alikuwa anaeleza kazi. Kisha tangu mwaka 1992 wageni wakaanza kuja kuwaangalia, na wale wale waliokuwa wakiwapiga chusa wakagundua pomboo aliye hai analisha nyumba mwaka hadi mwaka. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, kilomita za mraba 470 pamoja na maji yetu. Wazee wale hawakusubiri mtu awafunge jela. Waliweka chusa chini. Watu wa kijiji hiki wamewahi kubadilisha kazi yao kwa ajili ya pomboo, na mimi ninawaomba mbadilishe kitu kidogo sana kuliko kile.

Lakini kwanza nikiri kinachowabana, maana kinanibana na mimi nikikikumbuka. Mgeni hulipa hotelini au mjini. Kutoka hapo pesa hupita mikono mingi mpaka ifike kwa mwenye boti, na kwa mwenye boti mpaka ifike kwa nahodha, na mafuta yameshakatwa. Kinachobaki cha uhakika ni bakshishi, na bakshishi hufuata picha. Mgeni aliyeahidiwa kuogelea na pomboo asipoogelea naye, atanung'unika kwa aliyemuuzia safari, na kesho safari atapewa nahodha mwingine. Hayo yote ninayajua. Ndiyo maana siwaandikii peke yenu. Ninawaomba wenye hoteli na wauza safari nao wasome. Nyinyi mnaouza safari, mnawaahidi wageni kitu ambacho si chenu. Mkisema "kuogelea na pomboo" kwenye tangazo, mmeshampa nahodha amri ya kuwafukuza, hata kama hamkuitamka. Semeni "kwenda kuwaona pomboo". Neno moja hilo lingepunguza nusu ya vurugu za asubuhi.

Na angalieni jambo hili. Mgeni huyo huyo mara nyingi hupitishwa pia msitu wa Jozani kuwaona kima punju. Pale huambiwa asisogee karibu, asiwaguse, asiwape chakula. Hutii. Hakuna anayedai arudishiwe pesa kwa sababu hakumshika kima mkia. Hupiga picha kwa umbali, hushukuru, huondoka ameridhika. Huku kwetu tunamrusha juu ya pomboo. Tunajuaje kwamba hatatii na huku, wakati hatujawahi kumwambia?

Nilimwona nahodha mmoja aliyemwambia. Jina lake sitalitaja kwa kuwa hakunituma. Ni mzee, boti yake ndogo, mashine yake ya zamani. Msimu wangu wa mwisho nilipanda naye mara nne. Kabla ya kuondoka ufukweni aliwaweka wageni chini ya kivuli, akaniambia niwaeleze: leo tunakwenda kwao, wakitaka watakuja, wasipotaka tutawaangalia kwa mbali, kisha tutakwenda kisiwa cha Pungume kuogelea kwenye matumbawe. Basi. Wageni wakaitikia kwa kichwa, wakapanda.

Alipowaona alipunguza mwendo akiwa bado mbali, akawaweka ubavuni mwake, akaenda sambamba nao bila kuwapita wala kuwakatia njia. Kisha akazima mashine. Kimya kiliposhuka ndani ya boti wageni walitazamana wakidhani imeharibika. Tulikaa hivyo kama dakika kumi, mkondo unatubeba, maji yanapiga ubao kidogo kidogo. Mzee akagonga ubavu wa boti kwa kifundo cha kidole mara mbili tatu, akaacha. Wakaja. Watatu walipita chini yetu wamelala ubavu, jicho juu, wanatutazama sisi. Mmoja akarudi akasimama wima majini, kichwa nje, karibu na mahali alipoketi mtoto wa kike wa miaka saba au minane hivi. Yule mtoto hakupiga kelele. Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Walikaa nasi muda mrefu, kisha wakaondoka kwa hiari yao, na mzee hakuwafuata. Bakshishi aliyopata siku ile, mimi niliyempokelea, ilikuwa kubwa kuliko niliyowahi kuiona kwenye boti yoyote ya kuruka ruka.

Si kila siku huja. Siku mbili kati ya zile nne hawakuja, tukawaona kwa mbali tu, mapezi yakipanda na kushuka. Wageni wale hawakulalamika kwa sababu hakuna aliyewadanganya asubuhi. Na pale Pungume waliwaona kasa wawili na samaki wa kila rangi, wakala tikiti maji, wakarudi wamechomwa na jua na furaha zao.

Basi ninaomba hivi. Boti isikate njia mbele ya kundi, hata iwe imechelewa, hata iwe na wageni wakubwa namna gani. Ifikie kwa ubavu, na ikifika umbali wa jiwe la kutupa kwa mkono, mashine izimwe. Hilo la kuzima ndilo moyo wa barua yangu. Mkiyakataa mengine yote, hili msilikatae. Zikiwepo boti mbili kwa kundi, ya tatu ingoje mbali. Nyote mna simu, na kungoja zamu si aibu. Kwenye kisima na kwenye foleni ya mafuta tunangoja kila siku. Kundi lenye mtoto mchanga, yule mwenye mistari, lisiguswe kabisa na boti yoyote, na nahodha atakayeliona awatangazie wenzake. Wakiwa katika mwendo ule wa kulala, asirushwe mtu. Na nusu saa itoshe kwa kila boti, kisha iondoke hata kama wangali pale.

Miezi ya kusi, kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba, wanapita nyangumi kutoka bahari ya barafu kule kusini, wanakuja kuzaa na kunyonyesha kwenye maji yetu ya joto. Nimeona boti ndogo zinawakimbilia katika mawimbi yale, watu hawajavaa hata jaketi. Mnyama yule ana tani nyingi kuliko boti kadhaa za ufukwe wetu tukizifunga pamoja, na akiwa na mtoto hatabiriki. Hapa siombi, nawasihi: waacheni umbali mkubwa zaidi. Mwenye mke na watoto anaowaacha nyumbani anielewe.

Kwa wenzetu wanaotega jarife, ingawa barua hii si yao hasa: pomboo wengi hufia kwenye nyavu zenu usiku, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wameyaandika hayo kwa miaka mingi. Hamkusudii, najua. Lakini ukoo ambao ulipohesabiwa haukufika mia mbili hauwezi kulipa nyavuni usiku na kulipa tena kwenye boti mchana.

Na kwa wakuu wa hifadhi neno moja. Ada inapokusanywa kwa jina la hifadhi ya bahari, basi asubuhi ionekane boti ya hifadhi baharini. Nahodha anayezima mashine akampisha mwenzake asibaki mjinga wa ufukwe kwa sababu mwenzake hakuulizwa. Wapeni manahodha mafunzo, wapeni bendera au alama ya kutambulisha boti inayofuata taratibu, na wageni waambiwe waitafute alama hiyo. Mgeni akianza kuchagua, wauza safari watafuata wenyewe.

Nitakuja Mkunguni Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala, nitakaa bandani mpaka alasiri. Atakayetaka kunigombeza aje anigombeze. Atakayetaka tuandike zamu za boti, nitakuja na daftari. Wale wa Dimbani ikiwa mtaona ni mbali, nitawafuata nyinyi pale chini karibu na msikiti wetu wa kale siku itakayofuata.

Jambo la mwisho ni ombi langu mwenyewe. Ile asubuhi ya Januari imetimiza miaka kumi na moja. Kama yule mtoto alikuwa jike na alinusurika, sasa yuko karibu na umri wa kuzaa. Yeye sina alama ya kumtambua, lakini mama yake ninayo: pezi la mgongoni lililokatika ncha. Majike huishi miaka mingi, huenda bado yuko. Atakayemwona, azime mashine, aangalie nani yuko ubavuni pake, na anipigie simu jioni.



Ndugu yenu,
mkalimani wa zamani wa boti, Kusini Unguja